Nyumba Moja Iliyokataa

Siku hizi mtoto haingii shule ya mtaa mpaka nyumba zote ishirini zimkubali kwa simu. Ikikataa hata moja, basi tena, na haitajwi ni ipi.

Biubwa hakuwa na wasiwasi. Mtaa mzima unakunywa chai kwake na umbea wote unaanzia kwake. Nani angethubutu kumkataa Nasra wake? Majibu yalipotoka, watu walikuwa wamejaa sebuleni mpaka barazani. Nasra, ishirini kwa ishirini! Vigelegele vikapaa.

Kheri, mtoto wa shoga yake Chausiku, akapata kumi na tisa.

"Nani huyo mwenye roho ya korosho?" Biubwa alifoka kuliko wote. "Mtoto anaongoza darasa zima la chekechea! Haki iko wapi?"

Ni kweli, Kheri huongoza, na Nasra humfuata. Biubwa aliliwaza hilo jana yake akiwa jikoni, akabonyeza simu mara moja, akaendelea kukaanga sambusa.

Wageni wakamshuku muuza mkaa wa kona, kwa kuwa hakuja. Biubwa hakuwapinga.

Chausiku alifuta macho kwa upindo wa khanga, akampongeza Nasra, kisha akamnyanyua mdogo wake Nasra aliyekuwa akitambaa mkekani, akampakata.

"Na huyu naye zamu yake itafika, shoga," akasema kwa upole. "Mtaa ni huu huu, na nyumba ni hizi hizi."

Biubwa akacheka, akanyoosha mikono kumpokea mwanawe. Chausiku akatabasamu, akaendelea kumpakata.