Litungu Linalowasha

Uvumi ulitoka Nyanungu: mpiga litungu mmoja, ile ala ya nyuzi ya kienyeji, alirushwa na umeme wakati anarekodi, akaanguka chini na litungu lake. Watu walicheka, wakasema ni mizimu. Wankuru hakucheka, na siku tatu neno hilo halikumtoka kichwani.

Jumamosi asubuhi alisiliba sakafu kwa udongo na samadi. Aliporudi kutoka kisimani akamkuta mwanawe ameketi pekupeku kwenye sakafu ile mbichi, anarekodi. Nyuzi za kano alizoacha babu yake alikuwa amezing'oa, akafunga waya za breki za baiskeli, na kutoka pale akavuta waya hadi kwenye spika aliyoiunda mwenyewe.

"Mura, nilikukataza." Wankuru akamshika bega.

Ganzi ikampanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Akautoa mkono haraka, akautazama.

"Inawasha kidogo tu, mama," kijana akasema, vidole bado viko kwenye nyuzi. "Ni tangu wiki iliyopita. Nimeshazoea. Au na wewe unaogopa mizimu ya Nyanungu?"

Ameshazoea. Wankuru akachukua mwiko mkavu wa ugali, akaipiga swichi ukutani. Spika ikanyamaza.

"Umeniharibia wimbo."

Wankuru aliokota mkaa jikoni, akaandika ukutani, juu ya soketi, kwa herufi kubwa:

Usirekodi pekupeku.
Usikae kwenye sakafu mbichi.
Usifunge nyuzi za waya kwenye litungu la umeme.
Spika ya kujiundia usiiwashe.
Usizoee.