Sindano ya Kiwiko cha Bi Sikudhani

Kosa lilikuwa langu. Mimi wa maabara ndiye niliyemwambia Bi Sikudhani aje na mtu wa kumtolea damu, kumbe dawa ya sindano ile ya kiwiko hutengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Akamleta mkwewe, Chausiku.

"Afadhali," alisema Bi Sikudhani nilipomweleza. "Damu ya huyu ingenitia ugonjwa wa kusonga ugali wa madonge."

"Madonge hayohayo mwanao anayamaliza, mama."

Bi Sikudhani ndiye mpishi wa shule. Tangu kiwiko kianze kumuuma, huona heri asonge kwa mkono wa kushoto kuliko kumwachia mtu mwiko.

Nilimtoa damu, nikaizungusha kwenye mashine. Ilipotulia, juu ya wekundu palikuwa na maji ya njano kama samli. Bi Sikudhani akakiinua kile kichupa cha damu dirishani.

"Na uzee huu, kumbe nina dawa yangu mwenyewe."

Daktari akamdunga maji yale kiwikoni. "Kitapona, bibi. Ila mikono ipumzike wiki mbili, yote miwili."

Bi Sikudhani alimtazama Chausiku, aliyeinama kumbonyezea pamba.

"Mwanangu," alisema polepole, "kesho unisongee wewe."

Chausiku aliendelea kubonyeza pamba.