Pampu ya Tisini na Nane

Santo alizima injini kati ya pampu mbili na hakushuka. Mhudumu wa kituo alimsubiri, akachoka, akamgongea kioo.

"Ssebo, bwana, tuweke gani?"

Swali jepesi, la kila siku. Leo lilimbana Santo mpaka shati likamganda mgongoni. Kulia kwake palikuwa na pampu ya petroli ya kawaida, ile ya bodaboda. Kushoto palikuwa na ya okteni tisini na nane, ile bora ya bei ghali, na gari hili halikuwahi kunywa nyingine. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lenye turbo, na Bisimwa, fundi Mkongomani wa Kyebando, alikuwa ameliongeza nguvu hadi likawa linakimbia kama limeiba. Bisimwa alionya tangu mwanzo: "Hii moteri haipendake esansi ya chini. Ukiipatia, itaanza kugonga ndani mu mulima, nguvu itaisha, utabakia mu njia."

Onyo hilo mtu fulani aliligeuza kuwa mpango. Jana Okwir, waliyeendesha naye magari ya polisi zamani, alimvizia Santo nje ya kanisa, Nsambya.

"Kesho weka ile ya kawaida," Okwir alisema. "Njia ya Bombo, ile mlima iko baada ya mafunjo, injini itagonga. Wewe simama, fungua boneti, angalia injini yako tu. Watu iko pale."

"Watu gani?"

"Hapana uliza. Lamunu bado anauza nyanya Kalerwe, si ndiyo?"

Lamunu ni mke wa Santo. Usiku ule Santo hakupata usingizi. Bosi wake, Abdul-Karim, ndiye aliyemwokota alipofukuzwa polisi, wakati hata ndugu zake walikuwa wakimkwepa njiani. Na mke wa bosi, Mama Rukiah, hajawahi kupakua chakula bila kumtengea sahani. Leo ndio awapeleke machinjoni? Kikulacho ki nguoni mwako, Santo alijiambia, na safari hii kunguni ni mimi. Kushtaki nako, ashtaki kwa nani? Okwir alijuana na kila mtu.

Asubuhi alimpandisha Lamunu basi la Gulu bila kumweleza kitu. Lamunu alilia kwamba nyanya zitaoza. Acha zioze.

Alitaka pia kumwambia bosi. Alimkuta uani, simu sikioni, naye akampungia mkono aondoke. "Nenda ujaze mafuta. Tunampeleka mama Bombo, kwa kaka zake." Hapo Santo alishangaa kidogo. Mzee huyo hakumwamini mtu na tangi lile. Kila mara alikuja kituoni mwenyewe, akasimama kando ya pampu na kukodolea namba, na ole wake mhudumu aliyeshika mpira wa upande mwingine. Leo hakuuliza hata anajaza wapi.

"Ssebo?"

"Tisini na nane," Santo alisema. "Jaza mpaka juu."

Hofu haikumtoka. Wakitaka kumlipizia, watamkuta. Gari halitasimama.

Walitoka mjini wingu zito likiwa limeikalia Kawempe. Mama Rukiah alikaa nyuma peke yake. Abdul-Karim, mtu wa kiti cha nyuma miaka yote, alipanda mbele akilalamika mgongo. Mama Rukiah alifungua kikapu, akampa Santo chapati kabla ya mtu mwingine.

"Kula, mwanangu. Umekonda ghafla."

Kisha akamgeukia mumewe. "Na leo, Mzee, ile habari ya nyumba tutaimaliza mbele ya kaka zangu."

Abdul-Karim alitazama barabara.

Mvua ilianza walipoingia kwenye mafunjo. Yalisimama pande zote mbili, marefu, na hapakuwa na mtu. Halafu mlima ukaanza, na Santo akawaona. Gari jeupe lilikuwa kando ya njia, milango wazi, na wanaume wanne wamevaa makoti ya mvua. Mmoja alikuwa ameshaanza kuvuka.

Santo alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Turbo ilipiga mluzi, injini ikavuta safi bila kukwama, na yule aliyekuwa akivuka akarukia mtaroni. Kwenye kioo wakabaki wadogo, wakitazamana. Mama Rukiah alicheka kwa mshtuko, akamwomba Santo apunguze, chapati zitamwagika.

Santo alitaka kulia kwa furaha. Alikuwa amewaokoa wote wawili, na sasa angeweza kusema kila kitu. Alifungua mdomo.

Abdul-Karim alimtangulia. Alimwinamia sikioni, sauti ya chini, isifike kiti cha nyuma.

"Santo," alisema, "mbona injini haigongi?"