Risasi Zilizogoma Kuingia

Risasi ya nne nayo iligoma. Verlyn aliidondosha kwenye mtutu alioufungua kutoka kwenye bastola, na badala ya kuzama na kutoa ule mlio mdogo wa *tok*, ilikwama nusu. Aliivuta kwa kucha, akaiweka kando na zile tatu, akashusha pumzi.

"Mdomo wa ganda haukufungwa," alisema. "Ukishakita kichwa cha risasi, lazima mdomo urudi ndani. Nimekwambia."

"Umeniambia," alijibu Orrin. "Wiki iliyopita, hivi hivi."

Orrin alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya hita, koti limefungwa hadi kidevuni. Walikuwa majirani miaka arobaini, mashamba yao ya mahindi yakigusana. Mchana ule alivuka theluji hadi gereji ya Verlyn akiwa na boksi la risasi hamsini na maneno machache: bastola ya mkewe, Marlys, ilikataa kujifunga mara nne kwenye klabu ya shabaha, risasi zikikwama, na Jumamosi kulikuwa na mashindano.

Verlyn hakuikumbuka hiyo wiki iliyopita, ila hakutaka ubishi. Alikuwa amechoka. Tangu mavuno kila kitu kilimchosha, hata kufunga kamba za viatu. Na sasa hili. Upande ule wa Dakota, Marekani, mtu hatupi ganda la risasi; analiokota, analisafisha, analijaza tena baruti nyumbani kwake, na risasi zake ndizo jina lake. Kumwambia mwenzako risasi zake ni mbovu ni kumwambia amekwisha.

"Nipe kipimo hapo ukutani."

"Hakipo."

Orrin alizunguka gereji nzima, akakikuta ndani ya kopo la misumari.

"Siku hizi vitu humu vinatembea vyenyewe," Verlyn alinung'unika. "Atakuwa paka."

"Paka alikufa mwaka juzi, Verlyn."

"Najua, bwana. Ndiyo maana namsingizia. Hawezi kujitetea."

Orrin hakucheka, na hilo lilimkera kidogo Verlyn. Zamani walikuwa wakicheka kwa upuuzi mdogo kuliko huo.

Alipima ya tano. Ilikuwa ndefu mno. Kichwa hakikushuka vya kutosha, kikagota ndani ya mtutu. Ya sita ilikuwa na tumbo chini, ganda chakavu ambalo halikubanwa kurudi umbo lake. Verlyn alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kosa moja likijirudia, skrubu ya mashine ya kujazia imelegea. Unaikaza, unaendelea na maisha. Makosa matatu ya aina tatu katika boksi moja, kilicholegea si skrubu. Ni mkono unaosahau katikati ya kazi ulikuwa unafanya nini.

Masikini Orrin. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa ameficha vizuri.

Ya saba ilizama. *Tok.* Ikatoka yenyewe alipoupindua mtutu, safi kabisa.

"Hiyo je?" Orrin aliuliza upesi.

"Hiyo ni nzuri." Verlyn alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini mazoea ni mazoea. Aliitia kwenye nyundo ya kuvulia vichwa vya risasi, akaigonga mara tatu, akaimimina baruti kwenye mizani.

Akaitazama mizani muda mrefu. Kisha akaizima, akaiwasha, akapima upya.

"Mara mbili," alisema. "Imetiwa baruti mara mbili. Kati ya zote, hii ndiyo ingeingia. Bastola ingempasukia Marlys mkononi. Usoni, Orrin!"

Orrin aliinamisha kichwa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Nilihofia hivyo," alisema.

Verlyn alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribiana. Alijisikia mzee kuliko miaka yake sabini na minane. Lakini kama si yeye wa kusema, nani?

"Sikiliza, ndugu yangu. Nakwambia kwa sababu nakupenda. Acha. Acha kujaza risasi. Ile mashine ifunguliwe leo hii, si kesho, apewe mtu mwingine. Hakuna aibu. Umri umefika, basi."

"Mtu anakubali hilo kirahisi?"

"Hakubali. Atapiga kelele, atasema anaonewa. Hapo ndipo rafiki anapohitajika. Rafiki hangoji ruhusa."

"Na akimchukia huyo rafiki?"

"Amchukie! Heri achukiwe kuliko kuzika mtu." Verlyn alimshika bega. "Nitakuwa nawe. Tutaifungua pamoja."

Orrin alifuta macho kwa kofia. Akainuka taratibu, magoti yakilia. Alitungua spana ukutani, akampita Verlyn, akaenda hadi mwisho wa meza, mahali ilipokaa mashine kubwa ya kijani ya kujazia risasi. Akaanza kuilegeza nati ya kwanza.

"We! Unafanya nini? Hiyo ni yangu!"

"Mimi sina mashine, Verlyn," Orrin alisema bila kugeuka. "Sijawahi kujaza risasi hata moja. Hizo ulimjazia Marlys wewe mwenyewe, Jumanne."