Ramani ya Jana

Naboth, mpima udongo, alichomeka tena chuma cha mashine yake katika shamba langu la kambini Kashojwa, na safari hii ramani ikatoka nyekundu: udongo mbovu. Nilikunja vidole. Chumvi ya ng'ombe niliyoimwaga humo alfajiri ilikuwa bado inanichoma kwenye mipasuko ya ngozi.

Jana ramani ilitoka kijani, naye akatangaza kwamba shamba zuri hivyo litachukuliwa na kampuni yake ya Mbarara. Uzuri ule niliuleta mimi, kwa samadi na majivu, tangu nilipokimbia vita Kivu nikapewa kipande hiki.

"Udongo iliharibika," nikamwambia. "Enda utafute fasi ingine."

Akacheka kwa dharau. "Mama, wewe unafikiri mimi mjinga? Hii mashine ni yangu, iko na hataza, hakuna mtu anaweza kuiga. Ramani ya leo haifuti ya jana."

Akagusa kioo cha mashine. Shamba langu likarudi kuwa kijani.

"Ofisi inachukua hii. Kesho unatoka."

Niliokota gunia, nikakung'uta chumvi yote iliyobaki juu ya viatu vyake.

"Basi mukalime mu ile ramani ya jana."