Viatu Mlangoni

Hebu niambie, ukiulizwa nyumba yako ina watu wangapi, wewe unataja tu nambari?

Kwa Shosho Nyaguthii, bibi mzee wa mtaa wa Komarock, huo ni mwiko. Watu hawahesabiwi kama mbuzi wa soko la Kiamaiko. Miaka saba sasa, mhudumu wa afya akija kuuliza, Shosho humwonyesha viatu mlangoni ajihesabie. Siku zote ni jozi tatu: zake, za mwanawe na za mkaza mwanawe.

“Wakubwa watatu,” mhudumu alisema leo, akibonyeza simu. “Na watoto wachanga, Shosho? Niweke ile sufuri yetu ya kila mwaka?”

Sufuri hiyo ilikuwa imemchoma Shosho miaka yote saba.

Chumbani mtu alipiga chafya, chafya ndogo kama ya paka.

Shosho aliziangalia zile jozi tatu. Mjukuu wake wa siku tisa hana viatu, na asiyeandikwa hafuatwi kwa chanjo. Mkononi alishika soksi ya manjano aliyoifuma mwenyewe, vidole vyake viwili tu vimeijaza.

Kidole cha mhudumu kikashuka kuelekea sufuri.

“We, ngoja!” Shosho akamdaka mkono, anacheka na machozi yanamtoka. “Mmoja! Andika mmoja!”