Kigingi cha Soko Jipya

Mpima ardhi alipigilia kigingi cha mwisho cha soko jipya, akamgeukia mama mwenye hoteli. "Bibi, wewe ndiye wa kwanza kufika hapa. Chini kuna kitu?"

"Muulize bei ya chai, hilo hasahau!" fundi mmoja alitania, na umati ukaangua kicheko.

Mama hakucheka. Mwaka ule wa homa, mji ulipokuwa vibanda sita na kisima, walizika wafu wao hapa kimyakimya na kusawazisha udongo, bila hata jiwe, ili wageni wasije wakaona makaburi wakageuza malori. Yeye mwenyewe alikuwa akiwalaki: "Karibuni, hapa hata mbu hakuna!" Wakabaki, wakajenga. Wa kwanza kuzikwa alikuwa mtoto wake.

Tingatinga lilinguruma. Mwanawe, aliyezaliwa baada ya homa, akachungulia kutoka kwenye usukani. "Mama, sogea, vumbi hilo!"

Kigingi kilikuwa cha mti mbichi, bado kinatoka utomvu. Mama aliinama, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka kikang'oka.

"Bibi, vipi tena?" mpima ardhi alimaka.

"Zima ushuke, baba," mama alimwambia mwanawe. "Unamkanyaga kaka yako."